Kifaru na Mlango wa Mkwe

Mkwe wangu Fredrick hajawahi kunipa mgongo. Akiondoka nyumbani kwangu hapa Sepuka hurudi kinyumenyume hadi kwenye uzio wa minyaa, macho chini, na amekwisha kuwakanyaga kuku wangu zaidi ya mara moja. Ni sajini wa jeshi, mrefu, mwenye mabega ambayo ungeweza kuyatundikia injini. Lakini mbele yangu na mbele ya mke wangu Agripina husinyaa kama mtu aliyeangusha sindano na anaitafuta.

Yeye ni Mgogo wa Kintinku, mimi ni Mnyaturu. Tuna mengi ya kuchekana, ila kwenye ukwe hatuna ubishi. Mkwe hali sahani moja na baba mkwe. Hamtazami usoni. Akiwa na neno zito hulipitisha kwa mtu mwingine. Na kuliko yote, hainami mbele ya wakwe akawaelekezea makalio. Baba mkwe naye hainami mbele ya mkwe wake, kwa sababu aibu ya hapo ni kubwa zaidi. Vijana wa mjini wanacheka mambo haya. Wacheke.

Kwa sababu hiyo, nilipomwoza binti yangu Dina nilikuwa na tatizo la mlango. Nyumba yangu kubwa ni tembe alilojenga baba yangu, lenye kuta nene na paa la udongo, na mlango wake ulikuwa mfupi kama milango yote ya tembe. Nikajiuliza, huyu twiga ataingiaje na kutokaje mbele ya Agripina bila kuinama? Nikashika sururu na msumeno, nikakata boriti ya juu ya mlango, nikanyanyua na kipande cha paa, hadi mtu mzima akaweza kupita akiwa wima na kofia yake kichwani. Siku ya kwanza Fredrick alisimama mbele ya mlango ule, akautazama juu, akautazama chini, kisha akapita. Hakusema kitu. Heshima ikabaki mahali pake.

Ila tangu siku hiyo mvua yenye upepo huingia sebuleni, na Agripina hajaninyamazia.

"Baba Dina," husema kila mvua zikianza, "leta ndoano. Samaki wamefika."

Sasa, mwaka jana wakati wa kuvuna alizeti, Fredrick na Dina walikuja kutusalimia. Fredrick alinisalimia kwa mbali, akiwa amechuchumaa, "Shikamoo, Baba," nami nikamwitikia. Akaketi kwenye kigoda upande wa pili wa ua, akageukia zizi la mbuzi. Dina aliketi katikati yetu akichambua mlenda.

"Mama Faith," Fredrick alimwambia mkewe, huku akitazama mbuzi, "mweleze Baba kwamba jeshi lina vifaru vya zamani."

"Baba, amesema jeshi lina..."

"Nimesikia. Mimi si kiziwi."

"Mweleze kwamba vimezeeka."

"Vimezeeka kama nani?" niliuliza.

Fredrick akakaza macho kwa beberu mmoja kana kwamba ndiye aliyeuliza. Dina akanirushia jani la mlenda. "Baba, usimwonee. Ana jambo."

Jambo lenyewe lilikuja polepole, kupitia kwa Dina, na mimi nalieleza hapa kwa mfululizo. Vifaru vile mizinga yake imepitwa na wakati. Ukivipeleka vitani leo kupambana na vifaru vipya, ni kupoteza watu. Lakini ngozi yake bado ni ngozi ya kifaru. Magari mengi ya kubebea askari yana bati jembamba, risasi kubwa hupita. Basi karakana anayofanyia kazi Fredrick, ambayo sitasema iko wapi kwa kuwa mambo ya jeshi ni ya jeshi, ilipewa kifaru kimoja cha kujaribia. Wakifyeke kichwa chenye mzinga, wazibe juu kwa bamba nene, waweke mabenchi ndani, kiwe gari la deraya la kubebea askari.

"Askari watatokea wapi?" nikauliza. Nilijua vifaru. Katika vita vya Kagera nilikuwa askari wa miguu, na nilipanda kifaru safari nyingi, kwa nje, nimekalia bamba la injini huku nikiungua. "Nyuma kuna injini."

Fredrick alisahau adabu nusu. Aligeuka kunielekea, akakumbuka, akarudi kwa mbuzi. "Mama Faith! Mwambie Baba hilo ndilo swali lenyewe!"

Alikuwa ameitoa injini ndefu ya zamani, akaweka nyingine fupi, akaisukuma upande mmoja. Upande wa pili ukabaki ujia mwembamba wa kutokea nyuma, wenye mlango unaoshuka kama daraja. Aliuchora mchangani kwa kijiti. Niliitazama ile michoro kutoka mahali pangu, na kwa kuwa niliwahi kusoma uchoraji wa mashine katika masomo ya jioni, nikaona kwamba ni kazi ya mtu anayejua anachofanya. Sikumwambia. Nilimwambia Dina amwambie.

Halafu Dina akayasema yale ambayo Fredrick asingeweza kuyasema hata kwa mbuzi. Kulikuwa na wakubwa wasioutaka mpango ule. Brigedia angekuja mwenyewe kuona. Akiridhika, vifaru vyote vilivyobaki vitatengenezwa kwa mfano wa kile cha Fredrick. Asiporidhika, vyote vitakatwa kuwa chuma chakavu, na cha Fredrick kitakuwa cha kwanza.

"Hali chakula vizuri," Dina alisema. "Usiku anaota mlango. Juzi ameamka ananisukuma, anasema toka, toka."

"Na mimi ninahusikaje?"

"Brigedia ametaka wazee waliopanda vifaru kwa nje wapande hiki kwa ndani, waseme wenyewe kama kinafaa. Fredrick ametaja jina lako."

Agripina alikuwa mlangoni, kwenye ule mlango wangu. "Mpelekeni," alisema. "Tangu vita viishe hajapata mtu mpya wa kumsimulia."

Nikaenda, na jogoo wawili wa zawadi kwenye tenga. Getini nilikuta mtu ananingojea, mfupi, mwenye kofia ya sufu. Alikuwa Emilian wa Ulemo, huko Iramba. Emilian aliendesha kifaru wakati ule mimi nakalia injini yake, na tangu hapo ametuita askari wa miguu jina moja tu.

"Mzigo umefika!" alipiga kelele. "Jamani, njooni mpokee mzigo! Simeoni, bado hujafa?"

"Nakusubiri utangulie, unionyeshe njia. Wewe si dereva?"

"Uligonga bamba langu kwa kitako cha bunduki toka mpakani mpaka kule tulikofika. Masikio hayajapona."

"Nilikuwa nakwambia usimame, ulikuwa unaniunguza."

"Nilijua. Ndiyo maana sikusimama."

Luteni Belinda, msimamizi wa kazi ile, alitukuta tukiendelea hivyo. Binti wa Dar es Salaam, injinia, mwepesi wa hatua, mwenye adabu. Alitusalimia shikamoo mmoja mmoja, akapokea jogoo wangu kwa mikono miwili, akatupeleka uwanjani.

Kilikuwa pale. Kifaru bila kichwa. Kipana, kifupi, juu kimetandazwa bapa.

"Hili ni tembe," nikasema.

"Tembe lenye minyororo," Emilian akasema. "Wanyaturu mmepata mnachotaka. Sasa mtahama na nyumba zenu."

Nilikizunguka. Nikagonga kuta zake, nikatazama mishono ya kuchomelea, iliyonyooka na iliyopangana kama mkeka. Fredrick alikuwa upande wa pili. Kila nilipozunguka naye alizunguka, hivyo tulikizunguka kifaru kizima bila kuonana. Kisha vijana wa jeshi wakatuonyesha mazoezi. Wakaingia, kifaru kikanguruma, kikaenda, kikasimama. Mlango wa nyuma ukashuka, wakamwagika nje wameinama mikono magotini, mmoja nyuma ya mwingine, kama viazi vitamu vinavyotoka kwenye gunia. Ilipendeza. Fredrick alijifuta jasho. Nilimwona kwa mbali, naye aliona kwamba nimeona.

Lakini niliona na jambo jingine. Ujia ule ulikuwa mfupi kwa kimo. Kijana aliyetoka alikuwa amekunjika kabisa, na pua ya aliyemfuata ilikuwa karibu kugusa mfuko wa nyuma wa suruali ya mwenzake. Nikajisemea, hao ni vijana, hawana ukwe humo.

Kesho yake Brigedia akaja. Mtu mzima mwenye mvi, asiye na maneno mengi. Wazee tulipangwa mstari, na Luteni Belinda akaanza kutugawia nafasi ndani ya kifaru. Alikuwa amefanya utafiti wake, maskini.

"Mzee Simeoni, wewe nimekuwekea nafasi ya heshima," alisema akitabasamu. "Utakaa karibu kabisa na mkwe wako. Yeye ndiye anayefungua komeo la mlango, kwa hiyo atatoka wa kwanza na wewe utamfuata. Familia pamoja!"

Nilimtazama Fredrick. Fredrick alitazama buti zake. Yeye asingeweza kumkatalia ofisa mbele ya Brigedia, na mimi nisingeweza kumkatalia mwenyeji aliyenipa heshima. Kila mmoja wetu alimngoja mwenzake aseme, na kwa kuwa hatusemezani, hakuna aliyesema.

"Asante, mwanangu," nikajibu.

Emilian aliyekuwa nyuma yangu akaanza kukohoa. Hakuwa na kikohozi.

Ndani tulikaa kwenye mabenchi mawili, tumetazamana, magoti yamegusana. Fredrick alikuwa mbele yangu. Aligeuza uso, akaubandika kwenye ukuta wa chuma kama mtoto aliyepewa adhabu. Mimi nilitazama dari. Kifaru kikanguruma, tukaondoka. Lazima niseme kweli, kilikwenda vizuri. Hapakuwa na moto chini ya makalio, hapakuwa na vumbi, na moyoni nilijua kwamba kama tungekuwa na chombo hiki wakati ule, baadhi ya niliowaacha kule wangekuwa wanazozana na wake zao leo.

"Sajini!" Emilian alipaza sauti juu ya ngurumo. "Mbona huongei na mgeni wako?"

Fredrick akazidi kujibandika ukutani.

"Simeoni, mwulize kijana hata habari za mke wake!"

"Nyamaza, Emilian."

Kifaru kikasimama. Taa nyekundu ikawaka. Fredrick akavuta komeo, mlango ukashuka, mwanga ukaingia kupitia ule ujia mfupi. Alitakiwa atoke.

Hakutoka.

Alisimama kwenye mdomo wa ujia, nusu amejikunja, akiona kilicho mbele yake. Ili atoke lazima ajikunje mara mbili, na mimi nilikuwa nyuma yake kwa umbali wa kiganja. Alijibana pembeni.

"Tangulia, Baba," alisema, akiuambia ukuta.

Nikautazama ujia. Nikautazama urefu wangu. Nikawaza mimi Simeoni nikiwa nimebinuka mbele ya uso wa mume wa Dina.

"Tangulia wewe," nikasema.

"Siwezi, Baba."

"Na mimi siwezi."

"Kuna nini huko mbele?" mzee mmoja akauliza kutoka nyuma.

"Kuna harusi," Emilian akamjibu. "Tulieni, bado wanakaribishana."

Nje tulimsikia Luteni Belinda. "Tokeni! Sajini, tokeni!"

Fredrick akapata wazo, na lilikuwa baya. Aliamua kutoka kinyumenyume, kama anavyotoka kwangu Sepuka, ili asinipe mgongo. Akajiinamisha akinielekea, akaanza kurudi. Sasa tukawa uso kwa uso, yeye ameinama na mimi nimeinamishwa na dari, vipaji vya nyuso vikiwa karibu kugongana. Alikuwa hajawahi kunitazama machoni. Ana macho ya mviringo, ya mtu mwema. Yalijaa hofu kubwa. Akayafumba.

Alipoyafumba akashindwa kuona anakorudi, na mkanda wake ukanasa kwenye komeo. Akavuta. Ukakaza. Pale pale akawa kizibo, na sisi ndani ya chupa.

"Jamani," Emilian alisema, akilia kwa kicheko, "niliwahi kupigwa mabomu kwenye kifaru, lakini sikuwahi kufungiwa ndani na adabu!"

Tulitolewa kwa matundu ya dharura yaliyoachwa kwenye bamba la juu. Wazee, magoti mabovu, tukivutwa kwa makwapa na vijana, huku kofia ya Emilian ikibaki ndani. Nilipofika chini niliiweka sawa suruali yangu, nikasimama wima. Fredrick alikuwa amekata mkanda wake kwa kisu, ameshikilia suruali kwa mkono mmoja na anapiga saluti kwa mwingine.

Brigedia alimkaribia.

"Sajini, mlango umekwama?"

"Hapana, Afande."

"Injini imewaka moto?"

"Hapana, Afande."

"Sasa ni nini?"

Fredrick akaikaza suruali yake. Luteni Belinda alikuwa hajui aweke wapi mikono. Ikabidi Emilian, ambaye hajawahi kukaa na jambo tumboni, aseme.

"Afande, yule ni mkwe na huyu ni baba mkwe. Hapo wangekaa mpaka masika, kila mmoja anayaonea haya makalio ya mwenzake."

Vijana walicheka, kisha wakaacha, kwa sababu Brigedia hakucheka. Alinigeukia mimi.

"Mzee wangu, ingekuwa vitani?"

"Vitani ningetoka, Afande," nilisema. "Lakini ningetokaje? Nikitazama ardhi, bunduki chini ya tumbo, kichwa mbele kama mbuzi. Mtu wa namna hiyo hupigwa kabla hajajua adui yuko upande gani. Mimi nimekwenda vitani. Nasema ninachokijua."

"Sasa ndiyo unavikumbuka vita!" Emilian akaninong'oneza. "Kule ndani ulikuwa unakumbuka mahari."

Brigedia alivaa kofia yake. "Luteni," alisema, "gari ambamo watu hawawezi kutoka halina faida kwangu. Nitaandika vikatwe." Akaanza kuelekea kwenye gari lake.

Nilimtazama mkwe wangu. Mimi huwa namtania, lakini niliona uso wake ulivyobadilika alipokitazama kile kifaru, ile mishono yake iliyonyooka. Nikafikiri juu ya mtu anayeamka usiku akisema toka, toka. Nikataka kusema neno, lakini la kusema lilikuwa kwake, si kwangu.

"Afande Luteni," Fredrick alisema ghafla, kwa sauti kubwa, akimtazama Belinda, "naomba umwambie Afande Brigedia kwamba kuna jambo."

Luteni alishangaa. "Yuko hapo hapo, Sajini. Mwambie mwenyewe."

"Mwambie kwamba baba mkwe wangu ana tembe."

Brigedia akasimama.

"Mlango wake ulikuwa mfupi," Fredrick aliendelea, jasho likimtiririka. "Nilipooa, alikata boriti kwa ajili yangu. Alinyanyua na paa. Hakuniambia, na mimi sikumwambia kitu. Lakini tangu siku hiyo sijawahi kuinama nyumbani kwake. Mwambie Afande kwamba sijui nilikuwa na akili gani. Mtu aliyeninyanyulia mlango, mimi nimemjengea mlango wa kutambaa."

Hapakuwa na aliyecheka. Hata Emilian alijifanya anatafuta kofia yake.

"Endelea," Brigedia alisema.

Fredrick alichuchumaa, akaanza kuchora ardhini kwa kisu, mkono mmoja bado umeshika suruali. Paa la juu ya ujia likatwe, liwekewe bawaba. Mlango ukishuka, paa linanyanyuka pamoja nao, kwa jeki za mafuta kama zile zinazonyanyua bodi la tipa. Askari anasimama wima, anatoka akitazama mbele, bunduki mkononi. Akishatoka wa mwisho, paa linarudi chini.

"Adui ataliona likinyanyuka," Brigedia alisema.

"Ataliona, Afande. Lakini na mimi nitakuwa namwona yeye."

Brigedia aliuinamia mchoro. Kisha akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza nikaona kitu kama tabasamu chini ya masharubu yake.

"Mzee, huo mlango wako unafaa?"

"Unafaa sana, Afande," nikasema. Sikuona sababu ya kutaja mvua.

"Nitarudi mwisho wa mwezi ujao. Wazee wale wale. Na Luteni..." Alinyoosha kidole kwangu na kwa Fredrick. "Nafasi zile zile."

Mwezi ule Dina hakutuletea habari nyingi. Alisema mumewe anarudi nyumbani akinuka chuma kilichoungua, anakula kwa haraka, analala. Haamki tena usiku.

Tuliporudi, Emilian alinipokea getini kwa kunipa mkanda mpya wa ngozi. "Wa akiba," alisema. "Kwa mkwe wako."

Tukaingia, tukakaa nafasi zile zile. Fredrick aliubandika uso wake ukutani, nami nikaangalia dari. Kifaru kikaenda, kikasimama, taa ikawaka. Alivuta komeo. Mlango ukaanza kushuka, na juu yetu lile bamba zito likaanza kunyanyuka polepole kama kifuniko cha sufuria, jua likaingia mpaka miguuni.

Fredrick akasimama. Akasimama kwa urefu wake wote. Alitoka akienda ubavu, bega mbele, hakunipa mgongo wala uso, na alipofika nje alichepuka, akasimama kando ya mlango ameinamisha kichwa, vile mkwe anavyompisha baba mkwe njiani. Mimi nikapita nikiwa wima, kofia kichwani, kama ninavyotoka kwangu Jumapili kwenda kanisani. Nyuma yangu wazee wakamiminika, na wa mwisho alikuwa Emilian, aliyesimama mlangoni na kupunga mkono kwa watu wote kama bibi harusi.

Brigedia alimpa Fredrick mkono. "Vingine vyote viwe hivi," alimwambia Luteni Belinda. Basi.

Luteni alinifuata tulipokuwa tunakunywa chai hemani. "Mzee, nisamehe kwa siku ile. Kwetu nyumbani baba yangu na mashemeji zangu wanatazama mpira kwenye kochi moja."

"Kila mtu na kwao, mwanangu. Tatizo lao ni kochi. Baba yako angeweka viti."

Fredrick alikuwa upande wa pili wa hema, ameshika kikombe, akilitazama turubai. Nikamwita kijana mmoja wa jeshi aliyekuwa karibu. "Nenda kamwambie Sajini kwamba mishono yake imenyooka." Kijana alikwenda. Nikaona masikio ya Fredrick yakibadilika rangi. Kijana akarudi. "Amesema nikwambie shikamoo, Baba." Tulikuwa tumekwisha kuamkiana asubuhi. Nikaitikia tena.

Mvua zilianza Novemba, za upepo, kama kawaida yake. Dina alikuja kututembelea peke yake, mumewe akiwa kazini kwenye kifaru cha tatu, na alisema pale karakana vijana wote wanauita ule mlango "mlango wa mkwe", hata wasiojua ukwe. Niliketi sebuleni nikisikiliza hayo, nimeridhika, miguu yangu nimeipandisha juu ya kigoda kwa sababu ya maji.

Agripina alikuwa anayazoa kwa kibuyu. "Hebu mpigie mumeo simu," alimwambia Dina. "Mwulize, huo mlango wa jeshi mvua haiingii?"

Dina akapiga. Akaongea kidogo, akaanza kucheka kabla hajakata.

"Mama, amesema nimwambie Mama kwamba inaingia kidogo."

Agripina aliketi chini, palepale kwenye maji, akacheka hadi akashika mbavu. "Brigedia mzima!" alisema. "Baba Dina! Umeliletea jeshi zima samaki!"

"Lakini wanatoka wima," nikamwambia, nikavuta kigoda changu mbali zaidi na mlango.